Shehena, Springi na Breki: Mintarafu ya Kubadili Drami za Nyuma kuwa Diski katika Pikapu Kongwe

Barabara ishukayo kutoka Lushoto hadi Mombo, ambayo kwa masafa ya kilomita 30 na ushei humteremsha msafiri takriban mita 1,000, ikipinda kushoto na kulia juu ya makorongo na kupita Soni penye maporomoko ya maji, ni mahali ambapo kila mwenye pikapu kongwe hulazimika kuzifikiri breki zake, hata kama mwaka mzima hajapata kuzifikiri. Kabeji, karoti, viazi na matunda ya milima ya Usambara hushuka kwa njia hii kwenda Tanga na Dar es Salaam, na aghalabu hushuka katika magunia ya lumbesa, yaani yale yaliyojazwa hata yakaota kichwa cha pili juu ya kinywa cha gunia, nayo hupakiwa juu ya Toyota Hilux na ndugu zake ambazo zimekwisha kufanya kazi miaka 20 au 30, na ambazo karibu zote, kama zilivyotoka kiwandani, zina diski katika magurudumu ya mbele na drami katika magurudumu ya nyuma.

Siku moja nilishuka njia hiyo katika pikapu ya jamaa yangu, tumepakia kabeji, nami nimeketi kando ya dereva. Tulipopita Soni harufu ya bitana iliyoungua ilianza kuingia ndani ya gari, kisha pedali ya breki, ambayo kule juu ilikuwa ngumu na yenye kuitika, ikawa ndefu na laini, hata dereva akalazimika kurudi gia ya pili na kuiacha injini iungurume yenyewe mpaka tukapata mahali pa kuegesha. Utingo akaruka na jiwe mkononi, akalisukumiza mbele ya gurudumu, nasi tukakaa zaidi ya nusu saa tukingoja vyuma vipoe. Tulipofika Tanga jamaa yangu alikuwa amekwisha kata shauri: drami zing'olewe, na nyuma kutiwe diski, gharama iwe iwavyo. Fundi aliyempelekea gari, mtu mzima mwenye kusema kwa utulivu, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, kabla hujanunua diski, niache kwanza nizitazame springi zako." Neno lile lilinishangaza, kwani sikuona springi zina uhusiano gani na breki, na haya ninayoyaandika ni matunda ya kulifuata neno hilo mpaka kwenye shina lake.

Asili ya breki hizi mbili ni ya rika moja. Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alitengeneza breki ya drami ya namna tunayoijua leo, na mwaka huo huo Frederick Lanchester wa Uingereza akapata hataza ya breki ya diski. Lakini kwa kuwa pedi zake zilikuwa za shaba zikisuguana na chuma kitupu, zilipiga kelele zisizovumilika, na drami ikatamalaki duniani kwa nusu karne. Diski ilirejea kwa kishindo mwaka 1953, gari la Jaguar C-Type liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans likiwa na diski za Dunlop, na mwaka 1955 Citroën DS ikazitia katika magurudumu ya mbele ya gari la watu wa kawaida. Tangu hapo imeenea dhana ya kwamba diski ni maendeleo na drami ni ukale, na dhana hiyo, ambayo ina ukweli mwingi lakini si wote, ndiyo imfanyayo mwenye pikapu aamini kwamba gari lake lilipunjwa kiwandani.

Ndani ya drami mna shuu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, kila moja imevishwa bitana, na dereva akanyagapo pedali silinda ndogo iliyo kati yao huzisukuma nje zikaishike drami inayozunguka. Fadhila yake kubwa, ambayo wengi wa wanaoishutumu hawaijui, ni kwamba shuu iliyoelekea upande wa mzunguko huvutwa na drami yenyewe ikazidi kujikaza, hivi kwamba mguu hutoa sehemu tu ya nguvu na gurudumu likajiongezea iliyosalia. Walakini fadhila hiyo ndiyo pia taksiri yake, maana msaada huo hutokana na msuguano, na msuguano ukipungua kwa joto msaada nao hupungua, wakaondoka wote wawili kwa pamoja saa ile ile dereva anapowahitaji. Fauka ya hayo, drami ipatapo joto hutanuka ikajitenga na shuu, na shuu hulazimika kuifuata mbali zaidi, ndiyo sababu ya ile pedali ndefu tuliyoiona chini ya Soni. Tena drami ni kama chungu kilichofunikwa: joto likiingia halitoki upesi, na maji yakiingia kwenye kivuko hukaa humo mpaka breki ziyakaushe kwa taabu.

Diski hutenda kinyume cha hayo. Kalipa huibana kwa pedi mbili kama mtu abanavyo sarafu kwa vidole. Upepo huipiga pande zote. Ikipata joto hunenepa kuzielekea pedi wala haizikimbii. Na maji huyarusha kwa mzunguko wake. Lakini haijisaidii hata kidogo, na kwa hiyo nguvu yote ya kubana sharti itoke katika mguu wa dereva na katika busta.

Ili msomaji apime uzito wa kazi yenyewe, na afikiri pikapu iliyojaa, yenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na shehena, ikishuka mita 1,000. Nishati ambayo sharti iondolewe njiani ili gari lisishike kasi ni karibu megajuli 24.5, nayo ni sawa na kulisimamisha gari hilo hilo mara 40 kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, au ni joto la kutosha kuchemsha karibu madebe manne ya maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, na sehemu kubwa, dereva akiwa na akili na gia nzito, huchukuliwa na injini. Inayobaki huingia katika vyuma vya breki. Dereva ashukaye kwa gia huru ili aokoe mafuta amezikabidhi breki madebe yote manne, na hapo hakuna drami wala diski ya pikapu itakayomstahimili kwa muda mrefu. Nalisema hili mapema kwa kuwa naliona ndilo jambo la kwanza katika usalama wa mtelemko, na halina gharama ya senti moja.

Sasa nije kwenye springi, na hapa naomba subira ya msomaji, kwani ndipo ulipo moyo wa mas'ala haya.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa njia ya bahari. Jahazi likisha kushusha shehena yake haliachwi lirudi tupu, bali hutiwa farumi, mawe au mchanga, kwa sababu nahodha anayakinisha kwamba chombo kitupu na chombo kilichojaa ni vyombo viwili, japokuwa mbao ni zile zile na tanga ni lile lile. Pikapu nayo ni magari mawili katika bati moja. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 1,500, mathalani, na katika hizo 900 ziko juu ya ekseli ya mbele na 600 juu ya ile ya nyuma. Dereva akifunga breki kwa nguvu katika barabara kavu, uzito huinamia mbele, na kwa gari la urefu wa kawaida huhama kiasi cha kilo 270, hata nyuma kukabaki kilo 330 tu, pungufu ya robo ya uzito wote. Mwenye gari huyo na atie shehena ya kilo 1,000, ambayo karibu yote hukaa juu ya ekseli ya nyuma, kisha afunge breki vile vile: kilo 600 zitahama, lakini nyuma zitasalia karibu 950. Yaani kazi ambayo magurudumu ya nyuma yanaweza kuifanya imeongezeka karibu mara tatu, ilhali pedali, mguu na barabara havikubadilika.

Basi breki ya nyuma iliyo barabara kwa gari tupu ni dhaifu kwa gari lililojaa, na iliyo barabara kwa gari lililojaa itayafunga magurudumu ya gari tupu kabla ya yale ya mbele. Na magurudumu ya nyuma yakifunga kwanza, mkia wa gari hutaka kupita mbele ya kichwa. Gari hugeuka, na katika barabara ya mlimani hakuna nafasi ya kugeukia. Kwa gurudumu la mbele lililofunga, gari hukataa kupinda lakini huenda moja kwa moja na dereva aweza kulegeza mguu akaokoka. Ndiyo maana kila muundaji wa magari hupendelea nyuma kuwe kunyonge kidogo kuliko mbele, na unyonge huo si ubahili.

Waundaji wa Hilux walikata shauri hilo kwa kifaa ambacho wenye pikapu wengi hawajapata hata kukitazama. Chini ya chasi, karibu na ekseli ya nyuma, pana vali yenye mkono wa chuma ambao mwisho wake umefungwa kwenye ekseli. Shehena ikiishusha chasi, mkono husukumwa, na vali hupitisha shinikizo zaidi la oili kwenda nyuma. Gari likiwa tupu chasi hupanda, na vali hulibana shinikizo hilo. Vali haina mizani ya kupimia kilo. Inachokijua ni kimo tu, masafa yaliyopo baina ya chasi na ekseli, na kwa kimo hicho hukisia mzigo.

Je, mwenye pikapu katika nchi zetu hufanya nini jambo la kwanza anunuapo gari? Huongeza majani ya springi, ili gari lisikae chini likipakiwa lumbesa. Nami simlaumu, kwani maisha ya biashara yake yamo katika magunia. Lakini tangu siku ile gari lake halishuki tena kama lilivyokuwa likishuka. Hupakiwa kilo 1,000 na chasi ikabaki juu, na vali, ambayo haijui lolote isipokuwa kimo, hudhani gari ni tupu, ikazinyima breki za nyuma shinikizo katika saa ile ile ambayo nyuma kumejaa. Mbele kukabeba kazi ya wote. Mara kwa mara fundi mwingine hukuta mkono wa vali umelegea au umepinda, akaufunga kwa waya palipo karibu, au akaiondoa vali kabisa akaunga bomba moja kwa moja, na hapo gari tupu likawa hatari kwa upande wa pili. Yule mzee wa Tanga alipoingia chini ya pikapu ya jamaa yangu aliyakuta yote mawili: majani mawili ya springi yameongezwa, na mkono wa vali umefungwa waya, umeelekea chini kama ishara ya gari lisilo na kitu.

Hakuishia hapo. Katika pikapu nyingi za Toyota za miaka ya 1980 na 1990 shuu za nyuma hujirekebisha zenyewe kila hendibreki inapovutwa, kwa njia ya kiwiko cha chuma kilicho nyuma ya bamba la breki. Kiwiko hicho hukaa wazi kwa matope na maji ya chumvi, na kikishika kutu hakisogei. Tena madereva wetu wengi hawavuti hendibreki, huegesha kwa gia na jiwe. Matokeo yake ni kwamba bitana hulika mwezi baada ya mwezi na shuu hazisogezwi, pedali huzidi kwenda chini, na lawama yote ikaangukia drami. Ongeza juu ya hayo raba ya ekseli iliyochakaa, ambayo huiachia oili ya difu itiririke ndani ya drami na kuilowesha bitana, na drami yenyewe iliyokerezwa mara nyingi mpaka ikapita kipimo cha mwisho kilichochorwa juu yake, ambacho kwa kawaida hakizidi kile cha asili kwa zaidi ya milimita 2 za kipenyo. Drami iliyokuwa nyembamba hivyo haina chuma cha kutosha kuyapokea madebe ya joto niliyoyataja. Hukumu yoyote juu ya drami iliyo katika hali hii ni hukumu bila ya insafu, kwa sababu anayehukumiwa si drami ile iliyotoka kiwandani.

Na neno moja juu ya vumbi, ijapokuwa latutoa njiani kidogo. Bitana za zamani zilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake likikaa mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi, na nimewaona vijana wa gereji wakiipuliza drami kwa mpira wa kompresa huku wameinama juu yake. Ilowesheni maji, ipanguseni kwa kitambaa kibichi. Kijana huyo hana mapafu mengine.

Tuseme basi kwamba yote hayo yametengenezwa, na mwenye gari bado ataka diski. Aingie kazi hii akijua kwamba anachokibadili si gurudumu, bali ni mfumo mzima. Marekani, ambako mazoea haya yamekuwako kwa muda mrefu, watu hufuata njia mbili. Ya kwanza ni kuibakiza ekseli ya asili, kung'oa drami na bamba lake, na kufunga kipande cha chuma kinene cha kushikia kalipa iliyotoka katika gari jingine. Wenye pikapu za Toyota za kale, mathalani, wamezoea kutumia kalipa za nyuma za Cadillac Eldorado, kwa kuwa zina hendibreki ndani yake. Ya pili ni kuitoa ekseli nzima na kuweka nyingine yenye diski zake tangu kiwandani, kama wafanyavyo wenye Ford Ranger kongwe wanaochukua ekseli ya Ford Explorer ya mwaka 1995 hadi 2001.

Kwangu mimi njia ya pili ndiyo bora, maadamu mtu amepata ekseli inayofaa, kwani mahesabu ya kalipa, diski na hendibreki yalikwisha fanywa na mhandisi, na fundi hana la kubuni ila mahali pa kufungia. Hata hivyo nayo ina masharti yake. Ekseli ya Explorer hukaa juu ya springi, ilhali ya Ranger hukaa chini yake, kwa hiyo viti vya springi hukatwa na kuchomelewa upya upande wa pili, na kiti kikichomelewa kikiwa kimepinda hata kidogo, propela itatetema na kula krosi zake. Kwa Hilux yenye gea ya mbele, ambayo magurudumu yake hushikwa kwa nati 6 katika duara la milimita 139.7, yapasa ekseli ngeni iwe na nati hizo hizo, upana ule ule, na uwiano wa difu ulio sawa na wa difu ya mbele; uwiano ukitofautiana, siku atakayotia gea ya mbele katika ardhi ngumu ekseli mbili zitavutana mpaka moja ivunjike.

Njia ya kwanza yaonekana rahisi, na katika gereji zetu ndiyo ipendwayo, lakini ndani yake mna chuma kimoja kinachobeba roho za watu: kile kipande cha kushikia kalipa. Katika ekseli ya Hilux bamba la drami hufungwa kwa boliti 4 pamoja na kifuniko cha beringi, na ili kulitoa sharti beringi ing'olewe kwa mashine ya kukandamiza. Wako wanaokwepa taabu hiyo kwa kulikata bamba na kuchomelea kipande juu ya mabaki yake. Nguvu yote ya kufunga gurudumu hupita katika kipande hicho. Nimekiona kimoja kilichokatwa katika bati la milimita 5, kimepinda kama sahani. Asiye na chuma kinene, mashine ya kukereza na fundi wa kuchomelea anayeaminika, na aiache kazi hii.

Kisha ije masta ya breki. Silinda ndogo ya drami yaweza kuwa na kipenyo cha milimita 22, ilhali pistoni ya kalipa yaweza kuwa na milimita 50, ambayo eneo lake ni zaidi ya mara tano ya lile la kwanza, na kuisogeza kwahitaji oili nyingi zaidi. Masta ya asili ikiwa ndogo pedali itakwenda chini kabla pedi hazijabana sawasawa. Fundi hutia masta kubwa, tuseme ya milimita 25 mahali pa 22, na pedali ikapanda. Lakini sasa ili kupata shinikizo lile lile mguu sharti ukanyage kwa nguvu iliyozidi karibu asilimia 30, na busta dhaifu ya gari kongwe haiwezi kuuficha upungufu huo. Katika baadhi ya masta za kale, tena, mna vali ndogo inayobakiza shinikizo kidogo katika bomba la drami ili raba za silinda zisivujishe. Likibakia shinikizo hilo kwenye diski, pedi hazitaachia kabisa, nazo zitasuguana na diski njia nzima kutoka Mombo hadi Segera, zikizaa joto bila ya dereva kugusa pedali.

Vali ya mzigo niliyoisifu hapo juu ndiyo mwathirika mkubwa wa kazi hii. Iliundwa kwa kukisia breki zinazojisaidia, na diski hazijisaidii. Kwa hiyo vipimo vyake havitoshei tena. Desturi ni kuitupa na kufunga vali ya kuzungusha kwa mkono, ambayo fundi huiweka mahali pamoja na kuiacha. Mahali gani? Akiiweka kwa gari lililojaa, litageuka likirudi tupu mlimani siku ya mvua. Akiiweka kwa gari tupu, amewanyima wateremkao na magunia breki zile zile walizozilipia. Pikapu ya michezo, isiyobeba kitu ila mwenyewe na mbwa wake, yaweza kuishi hivyo. Ile ya Lushoto haiwezi. Afadhali fundi aibakize vali ya asili, aurefushe au kuufupisha mkono wake kufuata kimo kipya cha springi, na kuijaribu tena na tena mpaka mizani ipatikane, kazi ya siku mbili ambayo mteja haioni na kwa hiyo hapendi kuilipia.

Mintarafu ya hendibreki nitasema waziwazi kwamba hapo ndipo wengi wa waliobadili hujuta. Drami, kwa kule kujikaza kwake, ni hendibreki nzuri kuliko zote; waya mmoja wavutwa, gurudumu lasimama. Diski yahitaji ama drami ndogo iliyofichwa ndani ya kofia ya diski yenyewe, kama ilivyo katika ile ekseli ya Explorer, ama kalipa yenye skrubu ndani ya pistoni, kama zile za Eldorado. Hizi za skrubu hujirekebisha kwa kuvutwa hendibreki, na mwenye mazoea ya jiwe na gia atazikuta zimelegea na pedali imekwenda chini, maradhi yale yale aliyoyakimbia katika drami. Na wako wanaofunga kalipa zisizo na hendibreki yoyote, wakasema watatumia jiwe. Gari lisilo na hendibreki, lililojaa kabeji, limeegeshwa penye mtelemko mbele ya watoto wanaouza matunda kando ya barabara, ni jambo ambalo nafsi yangu hailikubali kwa hoja yoyote, wala askari wa barabarani hapaswi kulikubali.

Kuna mengine madogo: rimu za inchi 14 aghalabu hazina nafasi ya kumeza kalipa, diski za nyuma hulala katika mvua ya changarawe inayorushwa na magurudumu ya mbele, na katika njia za vumbi jekundu pedi zake hulika upesi kuliko shuu zilizofichwa ndani ya drami, na huko pwani chumvi huzishika pini za kalipa zisisogee, pedi ya ndani ikaisha na ya nje ikabaki nzima. Na oili ya breki, iwe DOT 3 au DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya yapasa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikisha kunywa maji kipimo chake hushuka hadi 140, na oili inayochemka huzaa mvuke, na mvuke hubanwa kama sifongo. Kuimwaga oili ya kale, kutia mpya na kutoa upepo magurudumu yote manne ni kazi ya asubuhi moja, na katika pikapu nyingi nilizozisikia zikisifiwa baada ya kutiwa diski, nashuku nusu ya sifa ilikuwa ya oili mpya.

Mtu atauliza: ikiwa drami si adui, mbona magari madogo yote ya kifahari yana diski nyuma? Jawabu ni kwamba gari hilo halibebi tani moja nyuma leo na kesho likabeba upepo, na hendibreki yake ilifikiriwa tangu mwanzo. Wala drami haikufa kwa wenye elimu: Volkswagen ilipotoa ID.4, gari la umeme la kizazi hiki, iliitia drami nyuma, kwa sababu mota yenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, na breki ikaayo bila kazi huhifadhika vizuri zaidi ikiwa imefunikwa isipate kutu. Ukiitazama kwa makini, hoja hiyo ni ile ile ya gia nzito: palipo na kitu kingine cha kulibeba joto, drami yatosha.

Yupo basi anayestahili kubadili? Yupo. Ni yule ambaye gari lake huvuka mito kila siku, maana drami iliyolowa humchelewesha. Ni yule ashukaye mlima akiwa amejaa mara kadhaa kwa siku, kila siku, hata drami zilizo sahihi zisipate wasaa wa kupoa. Na ni yule aliyebahatika kupata, katika gari lililoanguka au lililofunguliwa spea, ekseli kamili yenye diski, hendibreki na waya zake, pamoja na masta ya gari hilo hilo. Huyo na ajenge, kisha alipeleke gari kwa mkaguzi, na amwarifu mwenye bima kwa maandishi, kwani bima isiyojua badiliko hilo yaweza kumkana siku ya ajali. Wengine wote, nao ndio wengi, wanachokitaka wanacho tayari chini ya gari, kimefungwa waya.

Jamaa yangu hakutia diski. Mzee alimtolea jani moja la springi, na lile la pili wakabishana juu yake hadi adhuhuri, likabaki. Akaurefusha mkono wa vali ufuate kimo hicho, akavifungua viwiko vilivyoshika kutu na kuvipaka grisi, akatia raba mpya za ekseli, drami mpya na bitana, akamwaga oili yote iliyokuwa nyeusi kama kahawa. Kisha akalichukua gari hadi kwenye uwanja mpana wenye changarawe, pasipo na watu, akaliendesha kilomita 40 kwa saa likiwa tupu, akafunga breki kwa nguvu, akashuka na kuinama juu ya alama za matairi. Tukapakia viroba vya mchanga, akafanya vile vile, akaurekebisha mkono wa vali kwa unene wa kidole, akarudia. Mara ya nne aliniita nikatazame. Alama za magurudumu ya mbele zilianza kwanza, na za nyuma zikafuata kiasi cha hatua mbili baadaye, zimenyooka sambamba kama reli. Akaukaza mkono wa vali kwa nati mbili, akaikata ile waya ya zamani iliyokuwa bado ikining'inia kwenye chasi, akaitia mfukoni.